Kiti cha Kushoto

Chang'ombe, Temeke
9 Februari 2025

Mwanangu Salsabil,

Siku watakapoiandika historia ya mji huu kwa haki, watamtaja Sultani aliyeuanzisha, watawataja Wajerumani kwa majengo yao na Waingereza kwa sheria zao, kisha watafika kwa mjomba wako Hamoud wa Chang'ombe, na hapo mwandishi itabidi aagize karatasi nyingine. Nakwambia mapema ili barua hii uitunze. Hata bahasha usiitupe.

Sie huku wazima. Mama yako Nunu goti bado linamsumbua, lakini ulimi uko salama. Jana amenisema tangu adhuhuri mpaka alasiri kwa sababu ya ndoo moja. Mdogo wako Hudhaifa kawa dume kweli, gereji wanamtegemea. Dukani vipuri vinatoka. Watu hawachoki kuharibu magari, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa ndivyo ulivyotaka mwenyewe, uliposema kwenye simu sikuachii hata nafasi ya kuvuta pumzi. Haya, kwenye karatasi vuta pumzi utakavyo. Barua nampa kondakta wa basi la Newala pale Mbagala, mtu wangu huyo, ananiheshimu.

Sasa ishu yenyewe. Mbio zinarudi.

Ndiyo, Mbio za Mzunguko, zilezile zilizofungwa siku aliyokufa baba yako, wewe ukiwa na miaka minane na Hudhaifa bado yumo tumboni. Mudathir, yule muuza matairi, kaunda kamati. Walikuja kwangu na kreti ya soda, wakaniuliza: "Mzee Hamoud, bila baraka zako tutaanzaje?" Nikawaambia kaeni. Nikawaeleza barabara ilivyokuwa inafungwa tangu asubuhi, magari yanaondoka mbele ya duka langu, yanapita viwandani, yanazunguka soko, yanarudi kwa ile kona kali ya nyumbani kwa Anjelina mama lishe. Nikawaeleza baba yako Jawad alivyokuwa anashika usukani, na mie kiti cha kushoto, msoma ramani wake. Pale sokoni alikuwepo muuza mishikaki. Mzunguko wa kwanza nilinyoosha mkono dirishani nikachomoa mshikaki jikoni kwake. Mzunguko wa pili nikamrudishia kijiti, nikamwambia chumvi imezidi. Vijana wa Mudathir walicheka mpaka mmoja soda ikamtoka puani.

Itakuwa Jumapili ya kwanza baada ya Sabasaba. Na Hudhaifa kajiandikisha. Wamempa kibao cha namba ya baba yake. Mama yako alilia kidogo, kisha akasema wasia ni wasia, hauzuiliki. Maana unayajua maneno ya Jawad, niliyoyapokea kwa masikio yangu haya, kichwa chake kikiwa mapajani pangu: "Hamoud, aliye tumboni mwa Nunu ndiye atakayenimalizia mzunguko."

Muandikie mdogo wako, mpe baraka.

Mjomba wako,
Hamoud


Newala
6 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Ramadhani Karimu kwenu nyote. Hapa mvua haijatuachia, darasa langu la kidato cha pili linavuja kona zote mbili na wanafunzi wanajibana katikati kama vifaranga. Ibtisam mwanangu ameng'oka jino la mbele, analitembeza kijijini kwa kila mtu. Anauliza lini atamwona bibi yake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Bahasha sijaitupa.

Sitampa Hudhaifa baraka. Mjomba, Hudhaifa si dereva. Anaendesha magari ya watu kutoka gereji hadi mahali pa kuoshea. Anaifahamu injini, lakini barabara haifahamu, na ile kona ilimshinda baba ambaye alikuwa anaifahamu. Nilimpigia mama nikamwomba amzuie. Akaniambia, "Nitauzuiaje wasia wa maiti, mwanangu? Nitakwenda kumwambia nini Jawad tukikutana?"

Mama hawezi. Mimi Hudhaifa hanisikii. Lakini yuko mtu mmoja aliyeyasikia maneno yale, peke yake, na ndiye ninayemwandikia. Naomba unieleze vizuri siku ile ilivyokuwa. Usinipambie, nieleze tu. Kwa mfano, ramani ulikuwa unaisoma ya nini, Mjomba, ikiwa magari yalikuwa yanaanzia dukani kwako na kurudi dukani kwako?

Na jambo jingine. Mimi nilikuwa na miaka minane lakini nilikuwepo. Nilikaa juu ya ukuta wa msikiti na watoto wenzangu. Kishindo nilikisikia, vumbi nililiona. Nakumbuka ulikuja mbio ukitokea upande wa nyumba ya mama Anjelina, na mkononi ulikuwa na kopo la bluu. Miaka yote hii nimejiuliza lile kopo lilikuwa la nini.

Mwanao,
Salsabil


Chang'ombe
23 Machi 2025

Salsabil mwanangu,

Mfungo unakwenda vizuri. Juzi nilifuturisha mtaa mzima, uji ukabaki tukawapa hadi walinzi wa kiwandani. Mama yako anasema walikuwa watu saba, lakini mama yako haoni vizuri magharibi.

Barua yako imenichoma. Sikukulea mie nikakukosesha adabu, elimu ndiyo iliyokufanya umhoji mjomba wako kama hakimu. Ila nitajibu, maana mwenye la kweli hakimbii.

Ramani umenishika. Sawa, hapakuwa na ramani. Kazi yangu ilikuwa kubwa kuliko ramani. Zile Datsun zilikuwa nyepesi, kwenye kona kali tairi za ndani zinanyanyuka. Wenzetu walikuwa wanapakia gunia la mchanga kiti cha kushoto. Baba yako akasema gunia halina akili, halijui kona imefika. Anataka mtu mzito anayelala upande unaotakiwa. Temeke yote akaniona mie. Enzi hizo nilikuwa na mwili, si huu mfupa unaouona Idi. Wakaniita Gunia. Wewe unadhani ni tusi? Watoto walikuwa wananifuata barabarani wakiimba Gunia, Gunia. Mie ndiye niliyekuwa naishikilia gari isiruke kwenda mbinguni.

Siku ile ya mwisho gari ilipopinduka mie nilirushwa dirishani, nikapaa juu ya vichwa vya watu, nikatua kwenye magodoro ya muuza magodoro. Sikupata hata mkwaruzo. Nikainuka nikamkimbilia Jawad. Na kopo unalolisema lilikuwa la maji ya kumpa. Nilimnywesha, ndipo akasema aliyoyasema. Umeridhika?

Sasa nikupe habari ya raha. Hudhaifa naye kapata gunia lake. Ni Ferdinand, mtoto wa Anjelina, yule kijana mnene anayechonga vinyago na kupaka rangi nyumba. Watu wa kwenu huko Newala hao kwa asili. Mafunzo nimempa mwenyewe, hapa dukani, kwenye kiti cha plastiki. Namwambia, "Kona ya kulia!" analala. "Kona ya kushoto!" analala, mpaka kiti kimevunjika mguu. Juzi akaniuliza, "Sasa mjomba, na gari ikipinduka?"

Nikamwambia, "Ferdinand, gunia halifi. Nitazame mie."

Akanitazama, akacheka. Akasema, "Kweli, wewe hufi hata ukichinjwa."

Kijana mzuri sana.

Mjomba wako,
Hamoud


Newala
12 Aprili 2025

Shikamoo Mjomba.

Idi ilipita salama. Nilipika pilau, nikaunguza, Ibtisam akasema ni kama ya bibi, nikajua ananisitiri. Shule tumefunga, naandika nikiwa na muda.

Nimezipanga barua zako mbili mezani. Muuza magodoro simkumbuki. Pale palikuwa na fundi viatu na mama Anjelina, na baada ya hapo ukuta wa kiwanda. Kopo la maji ulilitoa wapi kama ulikuwa umetoka kutua kwenye magodoro? Mtu aliyerushwa juu ya vichwa vya watu hatui na kopo mkononi.

Mjomba, sitaki kukuaibisha. Wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka shule baada ya baba. Wewe ndiye uliyelala chini sakafuni mwaka ule Hudhaifa aliposhikwa na malaria, ili mama apate kitanda. Hayo hujawahi kuyasimulia, nayo ni ya kweli. Kwa hiyo sina haja na magodoro. Nauliza moja tu. Baba aliyasema yale maneno, au hakuyasema?

Nilizungumza na Hudhaifa. Nilimwambia maneno yale huenda hayako kama tulivyosimuliwa. Akasema, "Dada, wewe baba umempata miaka minane. Amekubeba, amekununulia viatu. Mie nimempata kwa sentensi moja. Na hiyo unataka kuninyang'anya?"

Mimi si mtu wa kumnyang'anya, kwa sababu sikuisikia wala sikuitunga. Aliyempa ndiye anayeweza kuichukua. Mwandikie mstari mmoja, au mwambie mdomoni, mnakaa nyumba moja. Mbio ziko Julai. Usingoje Julai.

Salsabil


Chang'ombe
25 Mei 2025

Salsabil,

Nimechelewa kujibu. Mvua iliharibu barabara ya kusini, mabasi yakasitisha, kisha nikapata homa, kisha kondakta wangu akahamishiwa basi la Songea, kisha akarudishwa. Mambo yamefuatana.

Mama yako hajambo. Mbele ya duka maji yalijaa, nikaweka matofali ya kupitia wateja. Bei ya vipuri imepanda. Jirani kaoza binti.

Nilikaa kukuandikia ulichotaka. Nikaandika habari za mvua. Siku nyingine nikakaa tena, nikaandika habari za matofali. Nimechana karatasi nyingi, na mie nijuavyo kusema, unanijua. Darasa la tano nililoishia halikunifundisha barua ya namna hii. Hapa mtaani mtu akipita ananiambia, "Mzee Hamoud, tusimulie ya magodoro," na vijana wanakaa, na Hudhaifa anakaa nao, macho yake ni ya Jawad mtupu. Utasemaje hapo?

Nipe muda kidogo. Nitamwambia. Jumamosi alfajiri wanakwenda Goba na Ferdinand, kule kwenye vilima barabara ina kona nyingi na watu bado hawajaamka. Wakirudi nitamkalisha.

Hamoud


Newala
10 Juni 2025

Mjomba, shikamoo.

Nyumbani hapa sina habari za kukupa. Wewe hukuniandikia, hukunipigia; habari ya gari kupinduka Goba nimeipata kwa watu wengine. Kwa hiyo nakuandikia ya kaburini, maana wewe hukuja na mimi nilikuwepo.

Ferdinand aliletwa Jumanne. Gari lililombeba lilifika jioni, kijiji kizima kikatoka barabarani. Walimzika asubuhi yake nyuma ya nyumba ya babu yake, karibu na mikorosho. Padri alisema maneno machache kwa sababu ya mvua. Jeneza lilikuwa zito. Wabebaji walibadilishana njiani, mmoja akasema, "Pole pole kwenye kona," kisha akajishika mdomo.

Mama Anjelina alinitambua kabla sijamfikia. Nilijua atanifukuza. Alinikalisha karibu naye mkekani, akanishika kiganja. Akasema: "Aliniambia anakwenda Goba kupaka rangi nyumba. Sikujua anakalia kiti kile. Ningejua ningemwambia."

Nikamuuliza, "Ungemwambia nini, mama?"

"Ningemwambia kwamba mwenye kiti hakuwemo." Hakuniachia kiganja. "Nimefunga mdomo miaka yote hii, kumsitiri mtu mzima. Nikasema ni porojo tu, zitamdhuru nani. Mjomba wako alimwambia mwanangu gunia halifi. Alikuwa anarudi nyumbani anayarudia hayo maneno, anacheka, nami nikadhani ni utani tu." Kisha akasema, "Ukimwandikia, muulize kopo langu la bluu alilipeleka wapi. La chooni. Hakulirudisha."

Sikumuuliza zaidi. Wala wewe sikuulizi, Mjomba. Sasa najua inavyotosha.

Jana nimeongea na Hudhaifa. Bega lake limefungwa, mbavu zinamuuma akivuta pumzi. Nilidhani amekoma. Akaniambia, "Bega litapona, dada. Mbio nitakimbia, hata kwa mkono mmoja. Sasa wako wawili wananidai, baba na Ferdinand." Nimekaa na hayo maneno usiku na mchana. Kumbe haikuwa sentensi moja uliyompa. Inazaa.

Ziko wiki chache. Ukinyamaza tena, nitakaporudi Chang'ombe itakuwa kwa ajili ya kuzika, na utanikuta sina shikamoo ya kukupa.

Salsabil


Chang'ombe
29 Juni 2025

Salsabil mwanangu,

Leo sina Sultani wala Wajerumani.

Mama yako yupo. Bega la Hudhaifa linaunga. Duka sijalifungua tangu msiba.

Barua yako niliisomea palepale stendi Mbagala, nimesimama, wapiga debe wananipita kama nguzo ya umeme. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Baada ya alasiri nikawaita wote wawili ukumbini. Mama yako alikuwa na ungo, anachambua mchele. Nilijipanga nitaanzaje, nitapita wapi, nitaishia wapi. Kikatoka hiki tu: "Jawad hakusema neno."

Hudhaifa akasema, "Hakusema neno gani?"

"Lolote. Nilipomfikia alikuwa keshakufa."

"Si ulimnywesha maji?"

"Sikumnywesha."

"Na magodoro?"

"Hayakuwepo magodoro, Hudhaifa. Wala mie sikuwemo garini. Kabla ya mzunguko wa mwisho magari yalisimama kujaza mafuta, nikashuka. Akaondoka bila mie. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, ndiyo maana gari ilinyanyuka. Nilipokuja mbio watu wakapiga kelele, 'Hamoud katoka mzima! Hamoud katoka mzima!' Mie sikusema. Walisema wao. Nikasimama hapo nikaona bora iwe hivyo."

Mwanangu, nilidhani Hudhaifa atanipiga. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa nimevua miwani. Alikaa tu anauangalia mkono wake uliofungwa. Mama yako ndiye aliyesema. Vidole vyake vilikuwa vimesimama kwenye mchele.

"Kwa hiyo hata jina langu hakulitaja?"

Nikamwambia, "Sijui, dada. Sikuwepo."

"Aliye tumboni mwa Nunu," akasema. "Mie nalala nayo hiyo. Nikiamka usiku naisema, nasema alinitaja." Akauinamia ungo wake tena. Akaona kijiwe, akakitoa, akakiweka pembeni. Akaona kingine. Ningependa anitukane, Salsabil. Matusi yake nayajua tangu tukiwa wadogo, nimeshayazoea. Kile kimya sikukizoea.

Unajua yalivyoanza? Siku ya tatu ya matanga. Alikuwa hali, hanywi, mimba ina miezi saba. Wanawake wakanifuata wakasema atakufa huyu na kilicho tumboni. Nikaingia, akaniuliza, "Alisema nini?" Nikampa kitu cha kumfanya ale. Akala. Sikujua kwamba anayekula ni mwingine aliyekuwa bado hajazaliwa.

Hudhaifa aliponyanyuka akaniuliza swali moja tu. "Sasa Ferdinand kafa kwa ajili ya nini?"

Mie Hamoud, Temeke nzima inajua, sijawahi kukosa jibu. Nikakosa.

Akachukua ile namba ya baba yake, iliyokuwa imetundikwa ukutani, akatoka nayo chini ya kwapa la mkono mzima. Akairudisha kwa Mudathir. Karudi bila hiyo namba, kalala uso umeelekea ukutani. Hatakimbia. Hasemi nami. Chakula anapokea kwa mama yake, nikiingia chumbani anatoka. Mudathir alikuja kulalamika, ananiambia, "Mzee, tulikuwa tumekuandalia kiti cha mbele, na utepe wa kukata." Nikamwambia akate mwenyewe. Mbio zao zitakuwepo, hazinihusu. Nitafunga dirisha.

Arobaini ya Ferdinand nitakuja Newala. Sijui nitamwambia nini Anjelina. Nilinunua kopo jipya, la bluu, nikafika nalo hadi mlangoni, nikarudi nikalirudisha kwa muuzaji. Mtu hampelekei mama aliyezika mwanawe kopo.

Limebaki jambo moja, na nimekuwa nikilizungukia tangu barua ya kwanza. Mama yako aliniuliza, "Kama hukuwemo garini, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikwenda kununua sigara. Hata pale, Salsabil, katikati ya ukweli wote ule. Akanitazama, akasema, "Wewe sigara umeanza lini?" Kisha akaniacha.

Wewe unalo lile kopo, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Mie nikiogopa tumbo linaharisha. Ndivyo nilivyo tangu mtoto. Hakuna mbio hata moja niliyopanda kile kiti bila kwanza kwenda chooni kwa Anjelina, na baba yako alikuwa anajua, anawaambia watu, "Mngojeeni Hamoud, kaenda kuikagua kona." Hakuwahi kunicheka. Siku ile, mafuta yalipokwisha kujazwa, nilisikia honi yake. Akapiga mara ya pili, ndefu. Tumbo lilikuwa limeshatulia, Salsabil. Nilikuwa nimeshamaliza kitambo. Nikabaki nimechuchumaa vilevile, kopo limejaa maji mkononi, najikunja najifanya bado linaniuma, na mle ndani nilikuwa peke yangu, mpaka nikaisikia gari inaondoka.

Mjomba wako,
Hamoud